Jumamosi za Kupaka Buloni Mafuta

Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, nilirudi Butembo. Nilikuwa nimekaa mbali muda mrefu, na sikuwa na mtu wa kunipokea, basi mfanyabiashara mmoja wa kakao akanipa nafasi mbele ya gari lake kuukuu kutoka Beni. Kabla hatujaanza kupanda milima vizuri, gurudumu la nyuma likapasuka. Akashuka, akachukua ufunguo, akausukuma kwa mikono, akaukanyaga, akarukaruka juu yake na tumbo lake lote, na nati haikutikisika. Akanigeukia na uso wa mtu anayeleta habari za msiba: "Mama, buloni yote imekula kutu." Kisha akatoa chupa ya mafuta ya mawese akaanza kumimina. Ile harufu ikanifikia, chuma kibichi na mawese pamoja, na mimi nikalia. Ndiyo, rafiki yangu, cheka tu. Mwanamke mwenye wajukuu, analia kando ya barabara kwa ajili ya gurudumu la mtu mwingine. Yule bwana akadhani nina haraka, akaniomba msamaha.

Nilikuwa na yangu. Keti nikusimulie.

Baba alikuwa karani wa serikali. Sisi tulikuwa watu wa Maniema, kule chini kwenye joto, lakini uhuru ulipokuja wazungu wengi waliondoka, maofisi yakabaki na viti vitupu, na baba akatumwa Butembo kukalia kimoja. Tulifika na mabegi yetu na nguo zetu nyepesi, tukakuta ukungu. Mama hakuzoea baridi ile hata siku moja. Asubuhi alivaa vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, akawa mnene kama mke wa chifu, na bado meno yaligongana. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, pembeni ya mikaratusi, na upepo ukivuma usiku miti ile ilipiga kelele kama watu wanaobishana chumba cha pili.

Majirani walikuwa Wanande, Wakatoliki wa kweli, wakulima wa viazi na wachuuzi wa kila kitu. Wewe unawajua: mtu wa Butembo akikaa nusu saa bila kazi anadhani anaumwa. Walituheshimu kwa sababu ya baba, lakini wakisharudi uani mwao waliongea Kinande, wakacheka kwa Kinande, na mama alibaki mlangoni akitabasamu kwa kitu asichokielewa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa anavuka ua, mama jirani wa mkono wa kushoto, mjane aliyelima vitunguu. Alikuwa akija na kikapu, anamlazimisha mama kurudia maneno ya Kinande mpaka aseme vizuri, halafu anampa vitunguu kama zawadi ya darasani. Mama alijifunza kusema asante, *wasingya*, na hakuenda mbali zaidi ya hapo.

Halafu gari. Mzungu mmoja wa kahawa, siku alizokuwa anakimbia kwenda Uganda, alimwachia baba kamioneti yake ya buluu. Ilikuwa nzee tayari. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na ikipanda mlima ilikohoa namna moja tu, kikohozi kirefu na vifupi nyuma yake, hata watoto wa mtaa walijua kuiga, wakaipa na jina la utani. Jumapili baada ya misa baba alitupeleka Beni. Kwa mama, safari ile ilikuwa dawa. Tulishuka mlima, hewa ikawa nzito na tamu, mama akavua kitenge kimoja, akavua cha pili, na tukifika alisimama sokoni katikati ya jua amefumba macho. Baba alimwangalia, akaniambia kwa sauti ya chini nisimsumbue. Tulinunua ndizi mbivu na mawese, kwa sababu michikichi haioti kwenye baridi ya Butembo. Mawese yote yanapanda kutoka Beni na Mangina. Kurudi, nililala mapajani mwa mama, chupa ya mafuta ya vuguvugu kati ya miguu yangu.

Siku za uasi zilipokaribia, kitu cha kwanza kuogopewa kilikuwa kuwa na gari. Wanajeshi wakipita walichukua gari. Wale waliowafukuza wanajeshi, watu wakiwaita Basimba, nao walichukua gari, na kwa kawaida walimchukua dereva pia. Basi Butembo wakatafuta akili yao. Mwenye gari alilivua magurudumu, akaliweka juu ya magogo, na magurudumu akayagawa kwa majirani, kila moja nyumba yake. Wewe mwanajeshi, ukija, chukua basi, libebe kichwani. Mtaani kwetu yalikuwapo magari kama hayo ua kwa ua, yamekaa juu ya magogo ya mikaratusi kama kuku wanaolalia mayai.

Baba akafanya hivyohivyo. Gurudumu moja lilikwenda kwa mama jirani, naye akalilaza jikoni, akaweka nyasi katikati na kuku wake wakataga humo. Jingine lilikwenda kwa katekista, chini ya kitanda. Mengine mawili yalipanda darini kwa wachuuzi wa chumvi, nyumba ya pili. Nati zote baba alizitia kwenye mkebe wa maziwa, akampa mama. Halafu akamwita karibu na gari, akachuchumaa, akamwonyesha zile buloni. Ni vyuma vifupi vyenye uzi, vinachomoza pale gurudumu linapokaa, na nati hufungwa juu yake. Alizipaka grisi, akazifunga vitambaa.

"Mama ya mutoto, angalia hapa," alisema. "Hii yote ingine inaweza kuoza, hakuna neno. Lakini hizi, hapana. Kila siku ya posho, mafuta. Siku nitarudia, tunapandisha magurudumu, tunakwenda kwenu."

Kwenu, alisema. Alimaanisha Maniema, kwenye joto. Nilimwona mama anainua uso.

Wiki hiyohiyo mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwita Beni, kwa siku chache, kusaidia ofisi ya huko. Aliondoka juu ya lori la viazi, ameshika kofia kwa mkono mmoja. Nyuma yake njia ikafungwa.

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Sasa fikiria Jumamosi zetu. Tulimaliza kufua, mama akachukua mkebe wa mafuta, mimi nikashika vitambaa, na tukazunguka gari. Buloni za nyuma hazikuwa na shida, bati lilifunika pale na grisi ya baba ilikaa. Za mbele ndizo zilizotupa kazi, mvua iliosha kila kitu. Mama alipiga magoti kwenye kipande cha mkeka, akafungua vitambaa, akapaka buloni moja moja kwa kidole, polepole, kama anampaka mtoto masikioni. Na alisema nazo. Mwanzo nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anamweleza baba habari za wiki: mtoto amekohoa, kuni zimelowa, mama jirani amenifundisha kusema kesho, nimeshindwa. Siku nyingine alinyamaza katikati ya sentensi, akabaki ameshika ile buloni tu. Mimi nilisimama nyuma yake na mkebe, na kwa kweli sijawahi kujisikia peke yangu namna ile, hata siku nilizozika watu.

Basimba walipoingia mjini, mambo yalibadilika kwetu kuliko kwa wengine. Wengi wao walikuwa wanasema Kiswahili kama chetu, cha upande ule ule wa Maniema. Majirani wakasikia. Hakuna aliyetutukana, la. Salamu zikawa fupi tu. Sokoni mama akiuliza bei, mwanamke alijibu huku anaangalia pembeni, na mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea yalikatika mpaka apite. Siku moja alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akakaa kitandani na viatu. Aliniambia nisiongee sana nikiwa nje. Basi nikaacha kuongea. Mama jirani peke yake aliendelea kuvuka ua, na akawa anavuka kwa kelele makusudi, akituita kutoka mbali ili kila mtu asikie anakokwenda.

Mawese nayo yakaisha. Njia ya Beni ilikuwa imefungwa, na bila Beni hakuna mafuta. Mama alibaki na chupa moja, akaificha kama dhahabu. Kilichoendelea kufika ni samaki wa chumvi. Wanawake waliwabeba mgongoni kutoka ziwani, upande wa pili kabisa, kwa njia za milimani ambazo hakuna askari alijisumbua kuzifunga. Tulikula samaki wa chumvi na bugali, na sombe ya majani ya muhogo ikipatikana, kisha samaki tena. Mama aliwakaanga kwa kijiko kile kile cha mafuta, na baada ya kukaanga alimimina yaliyobaki kwenye mkebe wa buloni. Alinieleza mwenyewe, anafurahi kidogo kwa ujanja wake: mafuta safi ni ya chakula cha mtoto, na mafuta yaliyokwisha kupikwa yana nguvu, hayaoshwi na mvua haraka. Baba hakusema mafuta gani. Alisema mafuta.

Kweli yalikaa. Na paka wakafurahi. Paka wa mtaa mzima walianza kuhamia chini ya gari letu, wakivuta vitambaa kwa meno, na kazi yangu ikaongezeka, kuwafukuza kwa ufagio. Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu lori la viazi, basi niliwapenda wale paka.

Hatimaye wanajeshi walirudi, Basimba wakakimbilia porini, na siku moja padri wa misioni akaja kwetu na baiskeli. Alikuwa ametoka kupata habari. Baba alikuwa Beni, kwenye hospitali ya masista. Alikuwa ameugua tumbo wakati wote ule wa kujificha asikamatwe na Basimba, maana waliwawinda makarani wa serikali, alikuwa dhaifu sana, na alikuwa anatuulizia. Padri hakuzunguka. Alimwambia mama kwamba mtu akitaka kumwona aende sasa.

Njia ilikuwa bado na hatari, na kwenye vizuizi watu wa Maniema kama sisi walikuwa wanashushwa. Lakini msafara wa jeshi ulikuwa unatoka asubuhi ya pili. Mama alikwenda kambini na kuomba nafasi kwenye lori. Mkubwa wa msafara, mtu mrefu wa mkoa wa Équateur, hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Mama, camion ya jeshi hapana kubeba raia," alimwambia. "Lakini mwenye iko na motokari yake, afuate nyuma. Sitamungojea mutu."

Tulikuwa na motokari! Mama alirudi anakimbia, kitenge mkononi. Padri akatoa petroli ya misioni, akamtoa na fundi wake awe dereva, kijana wa Kinande mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Jioni ile magurudumu yalirudi. Sijui kama unaweza kuona ninachokiona: katekista anavingirisha lake barabarani, wachuuzi wa chumvi wanateremsha yao darini, na mama jirani anakuja na lake bado lina manyoya ya kuku, anapiga vigelegele. Watu ambao hawakutusalimu kwa miezi walisimama uani kwetu wanasema mungu asifiwe. Mama aliwashukuru mmoja mmoja, *wasingya*, *wasingya*.

Kulipopambazuka fundi alianza na nyuma. Nati zilizunguka laini, zikaingia mpaka mwisho. Akaja mbele. Mama alikuwa ameshafungua vitambaa kabla hajafika, amesimama amevikunja kifuani. Pale palipokuwa na buloni palikuwa na vijiti vyekundu, vimevimba, vinabanduka magamba. Fundi akapiga brosi ya waya. Akamwaga petroli, akasubiri, akapiga tena. Akaweka makaa ya moto kwenye bati, akapasha. Nati ya kwanza ikashika nyuzi mbili, ikagoma. Akatia bomba kwenye ufunguo, akasukuma taratibu, na buloni ikakatika kwa sauti ndogo kama karanga.

Barabarani malori ya jeshi yalianza kuwasha injini. Buloni ya pili ikakatika.

Fundi akainama karibu, akakwangua kutu kwa ukucha, akanusa. Halafu akaugusa ulimi wake. Nilikuwa nimechuchumaa ubavuni pake, nikaona uso wake unavyobadilika. Akaangalia vile vitambaa kifuani mwa mama. Akamwangalia mama. Watu wote walikuwa wamekaza macho, wanangoja aseme ni nini.

"Ni umande," alisema. "Umande ya Butembo, mama, inakulaka chuma. Hata tungepaka nini, ingekula tu."

Watu wakaguna, wakakubali, mmoja akaanza kulaani ukungu. Fundi alipogeuka kuchukua nyundo, mimi nikaweka kidole pale pale alipokwangua, nikalamba. Ilikuwa chumvi. Nilijua ni chumvi ya wale samaki, mimi ndiye niliyekuwa nashika mkebe.

Msafara ulipita mbele ya nyumba yetu. Lori baada ya lori, vumbi, askari mmoja akatupungia mkono. Fundi aliendelea kupigana na gurudumu lile, jasho linamtiririka katika baridi, mpaka kelele za malori zikafa upande wa pili wa kilima. Hapo akaketi chini. Mama alisema, "Aksanti, baba," akaingia ndani.

Tulifika Beni baadaye, padri alipotubembelezea nafasi kati ya magunia ya maharagwe. Joto lilikuwa lile lile, na mama hakuvua hata kitenge kimoja. Baba alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Sista aliyemuuguza alituonyesha mahali, udongo bado umelowa, na kwa kutaka kutufariji akatueleza kwamba hakuwa na maumivu mengi mwishoni. Kila gari lililoingia uani mwa hospitali, alisema, lilimfanya ainue kichwa asikilize, halafu akilaze tena na kusema, "Hapana ile." Sista alidhani anatupa zawadi. Nilishika mkono wa mama, ulikuwa baridi.

Hatukurudi Maniema. Mama alipata kazi ya kufua kwa masista, tukabaki Beni, kwenye jua lake alilolipenda, na maisha yakatuchukua kama yanavyochukua watu wote. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikarudi kwa mama mume wangu alipofariki. Jioni nyingi tulikaa nje tukichambua maharagwe, yeye na mimi, ungo mmoja. Tuliongea bei za sokoni, wajukuu, magoti yake. Hatukumwongelea baba. Nikihisi tunamkaribia, nilipindisha mazungumzo, kwa sababu baada ya baba lingekuja gari, na baada ya gari ule mkebe. Nilikuwa namlinda. Fundi alikuwa amempa uongo mzuri nami nikaushika kama mali ya ukoo, na nilijivunia kidogo, nakwambia kweli.

Siku za mwisho za mama, nilikuwa namlisha uji, alikisukuma kijiko.

"Ule fundi alikuwa mutu muzuri," alisema.

Nikamwuliza fundi gani, ingawa nilijua.

"Ule wa umande." Alipumzika. "Asubuhi ile nilitoa bitambaa mbele afike. Nikanusa. Nikalamba. Nilijua ni mimi."

"Mama, juu ya nini hukusema?"

"Ulikuwa mutoto. Nikasema, acha akomae bila kujua." Akanitazama. "Na wewe uko unajua."

Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu, akaniomba maji. Nilidhani tutaongea kesho. Nilikuwa tayari nimepanga maswali, mengi, mpaka nilikosa usingizi kwa hamu. Kulipokucha hakuweza tena kusema.

Butembo ile haipo. Uani kwetu pamejengwa ghorofa, chini wanauza mabati na rangi, na kijana aliyenikaribisha alitaka kujua nanunua nini. Mikaratusi imekatwa. Mama jirani, katekista, wale wachuuzi wa chumvi, hakuna hata mmoja aliyebaki wa kunikumbusha jina la utani la gari. Hayo nayavumilia, miji hubadilika. Nisichovumilia ni kwamba mama alikuwa na baba mzima kichwani mwake, kijana wake, mchumba wake, mtu aliyemtazama amefumba macho sokoni, na kwa miaka yote ile ya ungo mmoja sikumwuliza, na yeye hakunieleza, kila mtu akimhurumia mwenzake. Wajukuu wangu waliponiuliza juzi babu yao mkubwa alikuwa mtu wa namna gani, niliwaambia alikuwa karani na alikuwa na kofia. Wakangoja niendelee. Sikuwa na zaidi ya hapo.